Sura ya Bibi Kichanjani

Kahawa iliyotoka kumenywa haina harufu ya kahawa. Inanuka utamu uliochacha, kama ndizi zilizoiva zikasahaulika ndani ya gunia, na mwaka niliomaliza darasa la saba nililala na kuamka na harufu hiyo kwa miezi mitatu. Nilikuwa Machame, kwa bibi yangu mzaa mama, nikisubiri matokeo ya mtihani. Wenzangu walipelekwa mjini kwa shangazi zao. Mimi nilipewa kichanja. Ilikuwa meza ndefu ya miti iliyotandazwa wavu, na juu yake bibi alianika kahawa iliyomenywa na kuoshwa, ikiwa bado na ganda lake jembamba jeupe. Kazi yangu ilikuwa kuigeuza kwa mikono kila saa ili ikauke sawasawa, kufukuza kuku, na kuifunika kwa turubai manyunyu yakianza. Sikuipenda kazi hiyo hata kidogo. Nilikuwa mtoto wa kununa, na bibi hakuwa na muda wa kumbembeleza aliyenuna.

Kuchora kulianza kwa uvivu. Badala ya kugeuza kwa viganja nikawa napitisha kidole, kahawa inaachana, na wavu mweusi unaonekana chini yake kama mstari wa penseli. Siku ya kwanza nilichora kuku. Saa iliyofuata nililazimika kugeuza, kuku akapotea, nikachora ng'ombe wa bibi akitafuna majani ya migomba bandani. Naye akapotea, nikachora jembe. Sikuhuzunika, maana sikudhani kwamba nilikuwa nimetengeneza kitu. Bandu bandu huisha gogo. Nilichora mara saba au nane kwa siku, mchana kutwa, nikiamini kwamba nategea kazi.

Mwezi wa kumi na moja bibi alikwenda msibani Kwa Sadala, akalala huko. Aliniachia kahawa iliyooshwa jana yake, bado ina maji.

"Manka, usiache kugeuza," aliniambia akifunga kitenge. "Hii ndiyo sketi yako ya kidato cha kwanza."

Asubuhi hiyo nilichora sura yake: kilemba, mashavu, na ule mkunjo wa pembeni mwa mdomo anapojizuia kucheka. Ilifanana. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuchora mtu akafanana. Saa ya kugeuza ilipofika mikono ilikataa. Nikajiambia nitageuza saa ijayo. Kuku walipoanza kusogea nilipanga fito juu ya kichanja, nikatandika turubai juu ya fito ili lisiguse picha, nikaliacha hivyo mpaka kesho yake. Jua liliwaka siku zote mbili.

"Umegeuza?" bibi aliniuliza aliporudi.

"Nimegeuza, bibi."

Njia ya mwongo ni fupi. Hata kikapu alikuwa hajakitua, lakini pua yake ilikwishafika kichanjani. Alivuta turubai, mvuke ukatoka, na harufu ilikuwa ya nguo iliyolowekwa ikasahaulika. Kahawa ilikuwa imevunda. Bibi aliitazama sura yake kwa muda mrefu, kichwa amekiinamisha upande mmoja.

"Huyu ni mimi?"

"Ndiyo, bibi."

"Pua umeikosea."

Kisha akaingiza mikono yote miwili akageuza. Nililia kwa sauti, na nakiri kwamba sikuwa nalilia kahawa. "Chora nyingine," alisema bila kunitazama. "Jua bado lipo." Kahawa ile ilikataliwa na wanunuzi, na Januari nilianza shule na sketi ya binamu yangu, imekazwa kiunoni kwa pini. Nilimchukia bibi wiki nzima. Lakini kichanja kilikuwepo na kila saa ilikuja na kazi yake, basi nikaendelea kuchora. Kufikia Krismasi pua ilikaa sawa, na niliigeuza kwa mikono yangu mwenyewe.

Sasa nasoma sanaa Moshi mjini, nimepanga chumba mtaa wa Pasua. Nina karatasi, nina rangi, na hakuna kuku. Mwalimu wetu wa uchoraji ametuambia kwamba mwisho wa mwaka hataki picha moja nzuri, anataka rundo. Asiye na rundo atarudia mwaka. Mimi nina picha moja. Imetundikwa ukutani tangu Machi, wageni wanaisifu, nami naongeza rangi kidogo pembeni kila wiki huku nikiogopa kuanza nyingine, isije ikaonyesha kwamba ile ya kwanza ilikuwa bahati tu. Jumamosi iliyopita nilimpigia bibi simu. Macho yamepungua nguvu, ulimi bado.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unachora?"

"Ninayo moja, bibi. Nzuri sana."

"Moja? Tangu lini?"

"Tangu Machi."

Nikasikia ng'ombe nyuma yake.

"Itakuwa imevunda hiyo," akasema.

Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Nilipokata simu niliishusha picha, nikaipaka nyeupe yote kutoka pembe hadi pembe. Roho iliniuma. Nikachukua karatasi, nikaanza na pua. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne asubuhi; zamani, saa kama hiyo, ningekuwa nimeshageuza mara tatu.