Kocha Aliyeupa Uwanja Mgongo

Marlene Dudek alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa. Katika mji wao mdogo wa Ohio, watu walijua msimu umeanza pale waliposikia Jumamosi asubuhi, "Piga mbele! Piga mbele, mama!" Wala hakuwa akigomba. Aliwafundisha wasichana wa miaka kumi na moja kandanda ya enzi zake, enzi ambazo mwenye mbio na mapafu ndiye bingwa, na wanawake wa Marekani wakiwafunga walimwengu watakavyo.

Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwenye Kombe la Dunia lililopita timu yao ya taifa ilirudishwa nyumbani mapema, na Corinne, binti yake Marlene na mwenyekiti wa ligi ya watoto, hakulisahau hilo.

"Wenzetu wanafikiri mpira ukiwa mguuni, Mama. Wetu wanangoja kuambiwa."

"Na ile dhahabu ya Olimpiki ya Paris? Tuliiokota?"

"Hatukuiokota. Ila hawa wako, mpira ukiwafikia, wanakutazama wewe kwanza."

Neno hilo lilimchoma Marlene, maana lilikuwa kweli. Basi Corinne alipotangaza Jumamosi ya Kimya, mzazi asiseme neno, kocha asiseme neno, kila mtu mzima apewe pipi ya kijiti ya kumzibia mdomo, Marlene aliipokea yake kama mtu anayepewa mwarobaini. Kunyamaza si kazi. Lililomnyima raha ni jingine: watoto wakishindwa bila sauti yake, miaka yote hii alifundisha nini? Na wakiweza, yeye ni wa nini tena?

Kipindi cha kwanza kilikuwa aibu tupu. Kila msichana aliyepata mpira aligeuza shingo kumtafuta kocha, na akigeuka tu, wale wa mji jirani wameshauchukua. Mabao mawili bila jibu. Kwenye viti vya kukunja wazazi walinyonya pipi kwa hasira, na baba mmoja alitafuna mpaka kijiti.

Wakati wa mapumziko wasichana walikula vipande vyao vya machungwa huku wakimkodolea macho. Junie Halloran, beki wa kushoto, alikuwa kimya kama kawaida yake. Msimu mzima Marlene hakumsikia akisema zaidi ya "ndiyo, Kocha."

Marlene aliwatazama wote, akainuka, akakigeuza kiti chake kikaelekea maegesho ya magari, akakaa kitako akiwa ameupa uwanja mgongo.

"Mama!" Corinne alinong'ona. "Umesusa?"

Marlene alitikisa kichwa, pipi shavuni. Hakususa. Aliwaondolea uso wa kuutazama.

Mwanzo alisikia viatu tu, na kipenga. Mazoea yana taabu. Ulimi ulimwasha, akauuma. Kisha ikapanda sauti moja nyembamba, kali, asiyoijua.

"Nipe mimi! Tulia, huna mtu! Rudisha kwa kipa! Sasa badilisha upande!"

Nani huyo? Akaanza kuwahesabia pasi kwa masikio, puu, puu, puu, na ile sauti ikiendelea kuamrisha kama mama mwenye nyumba siku ya karamu. Halafu wasichana wakapiga ukelele ulioruka uwanja mzima, na wazazi, waliokatazwa kusema, wakapiga makofi hadi viti vikaanguka.

Walifungwa mawili kwa moja. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na Marlene alikubali bila kinyongo. Alijisikia mwepesi kama aliyetua mzigo. Wasichana walimjia mbio, magoti yamejaa majani, Junie mbele yao.

"Kocha, hukuliona bao letu?" Ilikuwa ile ile sauti.

"Nilikuwa natazama magari, mwanangu."

"Aa, Kocha! Pasi tisa! Tisa, na hakuna aliyepiga mbele!"

Bao zuri kuliko yote ya timu yake, na halikumhitaji yeye wala yeye hakuliona. Marlene alitoa kijiti mdomoni, akakigeuza kiti, akampigia Junie kofi la upole begani.

"Basi kaa hapa. Leo wewe sema, mimi nisikilize."

Na Junie akasema, mpaka machungwa yakaisha.