Irabu Zilizopotea

Mwenye steshenari hapa Bagamoyo ni mimi, na aliyejiaibisha ni mimi huyuhuyu, kwa ujuaji wangu.

Asubuhi Mzee Salim, jirani yangu wa duka la vitambaa, aliniachia flashi. "Mwanangu, nichapie lililomo, jamaa wote wapate. Nitalisoma alasiri."

Mlikuwa na faili moja tu. Jina lake aliliandika kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu walivyoandika Kiswahili. Programu yangu haikuzitambua irabu, ikaweka alama za kuuliza mahali pake, kisha ikagoma kulifungua faili. Zikabaki kafu mbili, yaani herufi mbili za "k".

Basi nikamkumbuka marehemu bibi yangu kule Mlingotini, akinifundisha herufi hizo kwa mkaa juu ya kibao, mchuzi wa nazi ukinukia jikoni. Neno la kwanza aliloniandikia lilikuwa na kafu mbili hizohizo: kuku. Machozi yakanilengalenga. Nikaliita faili "Kuku", likafunguka. Sikusoma hata mstari mmoja. Nilichapa tu, nikitabasamu peke yangu. Hata hitma ya marehemu kaka yake Mzee Salim, iliyosomwa siku hiyohiyo, ilinitoka kichwani, wala sikuona kwamba programu ile huchapa jina la faili juu ya kila ukurasa.

Alasiri, kwenye hitma, karatasi ziligawiwa. Mzee Salim akavaa miwani, akaanza kusoma kutoka juu kabisa:

"Kuku. Alizaliwa Saadani, tukanyonya ziwa moja..."

Akanitazama juu ya miwani, na watu wote wakanigeukia.

"Mwanangu," akasema taratibu, "mimi niliandika kaka."