Breki Kwanza, Mluzi Baadaye

Saa moja asubuhi, kwenye barabara ya vumbi nje kidogo ya Eldoret, Mheshimiwa anajitupa barabarani bila kuangalia kushoto wala kulia.

Mheshimiwa ni ng'ombe wa bandia: tumbo ni gunia la maganda ya mahindi, pembe ni matawi ya mpera. Amepewa jina hilo kwa sababu hampishi mtu. Anayemvuta kwa kamba ni Sifuna, fundi wa shule ya udereva, aliyejibanza nyuma ya ua.

Kwenye usukani yuko Mama Jerop, mfugaji kutoka Soy. Badala ya kukanyaga breki, anateremsha kioo na kumpigia Mheshimiwa mluzi.

Mwalimu Purity Nabwire, aliyeketi kando yake, anakanyaga breki ya pili, ile ya upande wa mwalimu. Gari linasimama karibu kabisa na pembe.

"Mama, ng'ombe wako wanakujua," anamwambia. "Huyu hamjasalimiana."

Nabwire amefundisha udereva miaka tisa, na anasema kila mwanafunzi huja na ugonjwa wake. Wa bodaboda hukwepa akidhani bado ni mwembamba. Wa trekta hungoja mnyama aogope mngurumo. Dawa ni ile ile.

"Kanyaga breki, shika usukani sawasawa. Ukikwepa ovyo utaokoa kondoo, uingie mtaroni wewe."

Mama Jerop ana haraka. Mtihani ni kesho kutwa, na maziwa yake huganda akingoja dereva wa kukodi, huku pikapu yake mwenyewe ikitagiwa mayai na kuku. Lakini Nabwire amekataa katakata kumwachilia kabla hajafunga breki mwenyewe.

Wakiwa njiani kurudi, Sifuna nyuma amempakata Mheshimiwa, kondoo wa kweli anachomoka kwenye mahindi. Nabwire anainua mguu, lakini gari limeshasimama, limenyooka kama rula. Kondoo anapita. Hapo ndipo Mama Jerop anateremsha kioo, anampigia mluzi na kumuuliza kama kwao hakuna wazazi.

Nabwire anacheka hadi machozi. "Kesho kutwa uende mtihani, Mama. Ila hao kuku wape notisi leo."

Yeye mwenyewe ana ndoto ya kufungua shule yake Soy, wafugaji wajifunzie karibu na nyumbani.

"Gari moja litatosha kuanzia," anasema.

Ng'ombe si tatizo. Mama Jerop ameshaahidi kumshonea Mheshimiwa mkia.