Mnong'onezaji wa Nyuma ya Pazia

Kabla binti yake hajaandikishwa katika shule ile ya wasichana, mwalimu wa michezo alikuwa mtu wa kucheka na kuchekesha. Wanafunzi walimpa jina la Filimbi, maana filimbi yake haikumtoka shingoni. Hata kwenye harusi ya mdogo wake alikwenda nayo, akaisahau juu ya gauni. Alifundisha netiboli kiwanjani na maigizo ukumbini, na hakujua aipende kazi ipi zaidi. Mume wake, fundi redio mwenye kibanda mjini, alizoea kusema kwamba yeye hakuoa mke, alioa shule nzima.

Binti alipofaulu na kuletwa pale, walimu walimpongeza mama yake. Ila siku ya kuchagua timu, mwalimu wa upishi, akikoroga chai yake katika chumba cha walimu, alisema bila kumtazama mtu, "Haya tena, mcheza kwao hutunzwa."

Wengine wakacheka. Filimbi naye akacheka, lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jioni yake alimwita binti akamwekea masharti. Nyumba ya mwalimu ilikuwa ng'ambo tu ya ua wa michongoma, lakini binti atalala bwenini kama wenzake. Asimwite mama mbele za watu. Asionekane jikoni kwake. Binti aliitikia yote, akidhani mambo yataishia hapo.

Hayakuishia. Msichana alikuwa mrefu, wenzake wakamwita Twiga, na mkono wake haukuwa na mfano. Akiurusha mpira unazama kwenye pete bila kugusa chuma. Filimbi aliujua mkono ule kuliko mtu yeyote. Yeye ndiye aliyegongomea ndoo isiyo na kitako ukutani nyuma ya nyumba, akamfundisha mtoto kulenga tangu hajaota meno ya ukubwani. Lakini majina ya timu yaliposomwa, Twiga alikuwa wa akiba. Muhula mzima akashika masweta ya wenzake na kubeba chupa za maji.

Katika nusu fainali walikuwa nyuma kwa bao moja. Mfungaji wao miguu ilikuwa imekwisha, anakosa mipira ya wazi kabisa. Wakati wa mapumziko nahodha alimvuta mwalimu pembeni, akamsihi amwingize Twiga. Filimbi akatazama upande walikokaa walimu. Mwalimu wa upishi alikuwa amekunja mikono, anangoja aone. Filimbi akasema timu inabaki vilevile. Wakatolewa kwa bao hilohilo moja. Ndani ya basi wasichana walilia njia nzima, na Twiga akawa anawapitishia maji, macho makavu.

Fundi redio alipopata habari alimuuliza mkewe anamwogopa nani hasa. Mtoto akikosea ataadhibiwa kama watoto wa watu, sawa. Na akifaa je? Filimbi akamjibu kwamba yeye hayajui maneno ya chumba cha walimu. Mume akainamia redio zake, na habari hiyo haikuzungumzwa tena ndani ya nyumba.

Muhula uliofuata ukawa wa mashindano ya maigizo. Mchezo wao ulimhusu kikongwe anayetoka hospitali akakuta wanawe wamekwisha kugawana vitu vyake, hadi kitanda. Siku ya majaribio, Twiga alijitokeza kusoma nafasi ya kikongwe. Alipindisha mgongo, akaishusha sauti, na urefu wake wote ukapotea sijui wapi. Wasichana waliokuwa wakichekacheka wakasogea mbele. Mpishi wa shule aliyekuja kuchukua sufuria zake akasimama mlangoni nazo mkononi.

Filimbi alimshukuru kama mtu anavyomshukuru mgeni, kisha nafasi akampa Chiriku, msichana mpole mwenye sauti tamu, asiye na kosa lolote isipokuwa kwamba hofu ikimwingia maneno humtoka kichwani. Kwa ajili hiyo alihitajika mtu wa kukaa nyuma ya pazia na maandishi ya mchezo, amnong'oneze akikwama. Kazi hiyo akapewa Twiga.

Wenzake walipokwisha kutoka, Twiga alibaki.

"Mwalimu, nilisoma vibaya?"

"Ulisoma vizuri."

"Basi nimekosa nini?"

Filimbi alijishughulisha na kukunja pazia, ambalo lilishonwa kwa mashuka ya bwenini. "Hujakosa kitu. Iko siku utaelewa."

"Nimeshaelewa," Twiga akasema, akachukua karatasi zake akaenda.

Alikuwa mnong'onezaji hodari. Katika mazoezi Chiriku alikwama mara nyingi, na kila mara neno lilimfikia kabla kimya hakijasikika. Chiriku akamzoea kiasi cha kumwegemea. Alisema mbele ya wote kwamba Twiga akiwa pale nyuma, yeye haogopi hata majaji wawe simba.

Mashindano yalifanyika mchana, katika ukumbi wa shule jirani uliojaa hadi madirishani. Mambo yalianza vizuri. Kikongwe aliingia na fimbo yake, akauliza kitanda chake kiko wapi, watu wakaguna kwa uchungu. Kisha ikafika hotuba yake ndefu kwa wanawe, ile iliyobeba mchezo wote. Chiriku akasema sentensi ya kwanza. Akafungua mdomo aseme ya pili, isije.

Filimbi, aliyesimama pembeni ya jukwaa, hakushtuka, alingoja mnong'ono. Akamwona Chiriku akigeuza shingo kidogo kuelekea pazia, akingoja vilevile. Halafu akamtazama Twiga. Binti yake alikuwa amekaa kwenye kiti, karatasi magotini, kidole juu ya mstari. Midomo ameifunga. Hakuwa akimtazama Chiriku, alikuwa akimtazama mama yake.

Filimbi angeweza kulitamka neno yeye mwenyewe, alilijua. Lakini alibaki akimtazama binti yake. Ukumbini mtu mmoja akacheka, wakafuata wengi. Chiriku akaachia fimbo, akajifunika uso kwa khanga ya kikongwe, akakimbia.

Kesho yake mkuu wa shule aliwaita mama na mwana ofisini akataka kujua mnong'onezaji alikuwa wapi. Filimbi alikuwa na mwaka mzima wa kukataa kumpendelea mtoto wake. Akasema kwamba nyuma ya pazia palikuwa na giza, maandishi hayakusomeka, na kosa lilikuwa la Chiriku kutoyashika maneno yake. Mkuu akaridhika. Neno la Filimbi pale shuleni halikuwa na mashaka, na sababu kila mtu aliijua.

Nje ya ofisi, kwenye veranda, Twiga alisimama.

"Hakukuwa na giza," alisema.

"Najua."

"Kumbe unaweza, mama." Hakupandisha sauti. "Mwaka mzima nilidhani huwezi."

Likizo ilipofika, Twiga alimwomba baba yake ahamishiwe shule ya mji mwingine, anakokaa shangazi. Baba hakubishana naye. Filimbi alimfungia nguo sandukuni, Twiga akazifungua akazipanga upya mwenyewe.

Chiriku hakupanda jukwaani tena. Darasani alisoma kwa sauti ya chini, na wasichana walipotaka kumchokoza walinyamaza wote pamoja wakimkodolea macho. Siku moja Filimbi alipiga moyo konde akamfuata kwenye bomba la maji, alikokuwa akifua sare, amweleze ukweli. Alikuwa ameyapanga maneno tangu asubuhi. Kabla hajaanza, msichana akasimama, mikono ina povu.

"Mwalimu, nimekuwa nikiogopa kukuambia," alisema. "Naomba unisamehe. Nilikuangusha mbele za watu."

Kengele ya kipindi ikalia.

"Yamekwisha, mwanangu," akasema, akageuka akaenda kiwanjani, ambako timu mpya ilikuwa inamngoja.