Kofia ya Koplo Ngumbao

Koplo Joram Ngumbao hataki kuonewa huruma, na anayetaka kumjua ni heri aanzie hapo. Alizaliwa kijijini Adu, kwa wakulima wa mahindi na mihogo, akaingia jeshini akiwa na miaka ishirini, akapelekwa Somalia. Huko bomu lililofukiwa barabarani lilimnyang'anya vidole viwili vya mkono wa kushoto na kumwachia mvumo kichwani usiokoma. Siku hizi anakaa Kisumu Ndogo, mjini Malindi, pamoja na mkewe, Easter.

Mwaka jana shirika fulani lilifungua darasa la sanaa kwa wanajeshi waliojeruhiwa, kwenye ukumbi mmoja mjini. Joram alikwenda kwa sababu Easter alimsihi, na Easter alimsihi kwa sababu alichoka kuishi na mtu anayejitupa chini kila mlango unapobamizwa. Siku ya kwanza akachora mbuzi. Mbuzi mwenyewe alifanana na mtungi wa maji uliolala ubavu. Lakini Nyokabi, mwalimu wa darasa, mwanamke mwema kupita kiasi, aliiinua ile karatasi juu na ukumbi mzima ukapiga makofi. Joram akasimama, akamchukua mbuzi wake, akatoka.

"Hata ningepiga chafya wangenishangilia," alimwambia Easter.

Nyuma ya ukumbi ule ndipo anapoishi Bi Ruqaiya, mshona kofia. Siku hiyo alikuwa barazani na kitambaa cheupe kilichochorwa maua kwa penseli, akitoboa vitundu na kuvizungushia uzi kimoja baada ya kingine. Kofia moja ina vitundu mamia, na huchukua miezi kuisha. Joram alisimama kuitazama ile sindano. Baada ya muda akatambua kwamba mvumo kichwani umenyamaza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wanizibia mwanga," alisema Bi Ruqaiya bila kuinua uso. "Kaa kitako au nenda zako."

Joram akakaa, na kesho yake akarudi.

Mafunzo ya Bi Ruqaiya yalikuwa ya kufumua. Joram angeshona safu moja tangu asubuhi hadi adhuhuri, kisha bibi angekigeuza kitambaa, akatazama upande wa ndani, na kukata uzi wote bila hata kuguna. Kofia hutazamwa ndani, alimwambia, kwa maana nje kila mtu hujipamba. Shida kubwa ilikuwa ule mkono wa kushoto, uliokuwa hauwezi kukaza kitambaa. Siku moja Joram akaja na kibanio cha nguo, akakibana kitambaa kwenye suruali yake, juu ya goti. Bi Ruqaiya alikitazama kibanio kama aliyekuta panya kwenye pilau.

"Kitu hicho hakijapata kutumika hapa."

"Leo kinatumika, mama."

Safu ile ilifumuliwa vilevile. Haikuwa kwa ajili ya kibanio. Ilikuwa imekwenda upande. Joram aliridhika na hukumu hiyo.

Mtaani hawakumwacha. "Koplo, nasikia siku hizi unashona," Okoth, jirani yake, alimwambia mbele za watu. "Utaolewa lini?"

"Lete kichwa nikipime," Joram alimjibu. "Ila sina hakika kama kitambaa cha ukubwa huo kinapatikana Malindi."

Miezi minane ikapita, na kofia yake ya kwanza ikamalizika. Mlango ukibamizwa alishtuka, lakini hakujitupa tena. Alikuwa na furaha, na furaha yenyewe ilimtia hasira kidogo, maana aliogopa itaondoka bila kuaga.

Nyokabi akapata habari, akaja mbio. Alikuwa anaandaa maonyesho, na aliitaka ile kofia iwekwe kando ya picha kubwa ya mkono wa Joram. "Watu wataguswa sana," alisema.

"Waguswe na kofia. Na kwanza ipite kwa Abdulkadir. Akiikataa, basi mimi sijashona kitu, na hutaiweka popote."

Abdulkadir ndiye mwenye duka la kofia. Washonaji wa mtaa ule hupeleka kazi zao katika furushi moja, bila majina. Kila mmoja huacha ndani ya kofia yake uzi wa rangi anayoijua Bi Ruqaiya peke yake, ili ikirudishwa ajue ni ya nani. Uzi wa Joram ulikuwa wa kijani.

"Haijawa kofia," Bi Ruqaiya alimwonya. "Ataitupa."

"Aitupe. Nataka nijue nimefika wapi."

Furushi likaenda Alhamisi. Jumamosi Abdulkadir akatuma mtu kumwita Joram, kwa jina. Joram alikwenda na Easter, na njia nzima alijiuliza jina lile limetoka wapi.

Abdulkadir, ambaye kwa miaka thelathini hakuwahi kumsifu mtu, alisimama alipowaona. "Mashallah," alisema. "Kazi njema, mwanangu. Mtu aliyeitetea nchi kama wewe..."

Joram hakumsubiri amalize. Alimgeukia mkewe.

"Nilimwambia mimi," Easter alisema. "Nilimpeleleza Bi Ruqaiya nikaijua rangi yako. Niliogopa akiitupa utarudi kule ulikokuwa."

Mvumo ukaanza upya kichwani, na Joram aliumia kuliko alivyoumia siku nyingi. Hata hivyo hakutoka. Aliichukua kofia, akaigeuza nje ndani, akaiweka mbele ya mwenye duka.

"Mzee, usiutazame mkono wangu. Tazama safu ya tatu. Ingekuwa na uzi wa mtu mwingine, ungeipokea?"

Abdulkadir alivaa miwani. Akaifuata safu ile kwa ukucha, kitundu kwa kitundu.

"La."

"Ungeifanya nini?"

"Ningeitupa."

"Basi itupe."

Mzee alimtazama Easter kwa aibu, kisha akaitazama kofia tena, na polepole ukali wake wa miaka thelathini ukamrudia. "Safu ya tatu imelewa," alisema. "Utosi umeuvuta hivi, mtu akiivaa atadhani kafunikwa sufuria. Na mafundo haya manene ni ya kofia au ya kufungia mbuzi? Ondoka nayo." Akairusha. Ikampiga Joram kifuani, ikaanguka sakafuni.

Joram akainama, akaiokota, akaipangusa vumbi. Nje, Easter alimwuliza kwa sauti ndogo, "Umenikasirikia?"

"Sana."

"Na Nyokabi tumwambie nini?"

Joram alisimama katikati ya njia, kifua mbele, wapita njia wakamgeukia.

"Mwambie kofia ya Koplo Ngumbao imekataliwa," alisema kwa sauti ya gwaride. "Imekataliwa kwa sababu ni mbaya."