Ziwa Hupumzika, Mke Je?

Uvuvi umefungwa huku Nchelenge ili ziwa lipumzike na samaki wazaliane, hivyo wanaume wako nyumbani na benchi la uzazi wa mpango kliniki limejaa. Nilikuwa pale kupima malaria. Muuza samaki mmoja, mtoto mgongoni, alikuwa akisubiri sindano ya kupanga uzazi, mama mkwe wake alipoingia. Muuza samaki akainamisha kichwa. Benchi zima likageuka kumtazama bibi, maana wakwe hutaka wajukuu.

Bibi akamshika mkono, akampeleka kwa nesi.

“Mama nesi, ziwa tunalipumuzisha kila mwaka na hakuna mutu anasema ni zambi. Huyu mutoto wangu naye apumuzike. Ziwa likifunguliwa, auze samaki.”

Wanawake wakapiga vigelegele. Doria ya ziwani inayosaka wanaovua wakati wa marufuku huja na boti, na wavuvi huikwepa. Hii ya bibi imekuja na kitenge, na inaishi nao nyumbani.