Nyota Ndani ya Dele

Pelagia alikuwa amelisugua lile dele kwa mapenzi, na hicho ndicho kilichomuuma zaidi.

Lilikuwa birika refu la shaba la kupikia kahawa, mali ya Bi Mwanahalima, mwenye nyumba wake pale Nyasura, Bunda. Mama yake bibi huyo ndiye aliyekuja nalo kutoka Ujiji. Kila alfajiri baada ya sala, Bi Mwanahalima alichemsha kahawa humo, na Pelagia, Mkristo wa kutoka Guta ambaye kwao walizoea uji, aliitiwa kikombe chake chenye tangawizi. Bibi huyo ndiye aliyemshika mkono usiku alipojifungua Tereza. Bunda nzima Pelagia hakuwa na mwingine wa kumwita mama.

Mwaka ule wa 1984 sabuni ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Bi Mwanahalima alipokwenda Musoma kwenye arobaini ya kaka yake, alimwachia Pelagia ufunguo: "Niangalizie nyumba, Mama Tereza. Alhamisi narudi." Sasa Pelagia ni mtoto wa ziwani, na huko mwanamke hujulikana kwa sufuria zinavyong'aa kichanjani. Akachota mchanga na majivu, akaingiza mkono kwenye mdomo wa dele, akasugua ule weusi wa miaka yote mpaka shaba ikacheka. Alipotia maji ya kusuuza, akasikia baridi mguuni. Tone, tone, tone. Ule ukoko alioutoa kumbe ndio uliokuwa umeshikilia maji.

"Tutamnunulia lingine," alisema mume wake, Apolinary, aliporudi kutoka kwenye kinu cha pamba. "Watu huwaga wanaleta vitu kutoka mpakani, Sirari."

"Na mama yake watamleta kutoka Ujiji?"

Siku iliyofuata ilikuwa Jumatano. Pelagia akamfunga Tereza mgongoni, akaviringisha dele kwenye khanga na kuelekea nyuma ya soko, kwa fundi Jumanne. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye vidole vifupi vilivyojaa makovu. Tangu vitu viadimike madukani, bati la mji mzima lilipita mikononi mwake: koroboi, ndoo, mabomba ya dawa ya pamba. Akiulizwa kabila alijibu, "Mimi kabila langu bati."

Jirani yake Boniphace, mshonaji wa viatu vya matairi, alichungulia kwanza. "Aisee mama, ulikuwa unasugua dele au unamtafuta aliyejificha ndani?"

"Mwache," alisema Jumanne. "Mama, ulitumia nini?"

"Mchanga, baba."

"Mchanga wa wapi?"

"Wa ziwani. Nilikuwaga nao kwenye kopo."

Mzee hakucheka. Alilielekeza tako la dele kwenye jua, akaweka jicho kwenye mdomo wa dele, akakaa hivyo muda mrefu kama mtu anayesikiliza habari. Kisha akampa. "Chungulia."

Pelagia akachungulia. Ndani mlikuwa na giza tupu, na katikati ya giza lile nyota moja, ndogo, nyeupe, imetulia. Akashtuka, akarudisha jicho tena. Hakujua kwamba tundu linaweza kuwa zuri hivyo.

"Sasa pitisha kidole hapa chini. Umesikia kinundu? Fundi wa kwanza aliyelifua alipiga nyundo kwa mkono wa kushoto, alama zote zimelala upande mmoja. Hapa kwenye mshikio ni mtu mwingine, alikuwa na haraka. Na huyu wa shingoni..." Alipapasa taratibu. "Huyu alikuwa fundi kuliko mimi. Sioni alipoanzia."

Pelagia akapapasa tena. Watu watatu asiowajua, pengine wote walishazikwa, walikuwa wameketi kama alivyoketi yeye na kulipakata dele hilohilo.

"Utaliziba kwa risasi ya kuyeyusha?" aliuliza Boniphace.

"Kitu cha kunywea hakitiwi risasi, ina sumu. Nitalitia shaba yenyewe."

Akakata kipande cha waya mnene wa shaba, akakiweka kwenye makaa mpaka kikawa chekundu, akakitumbukiza majini. Pelagia akadhani amekikaza, maana panga hukazwa hivyo. Jumanne akakichukua, akakikunja kwa vidole viwili tu.

"Chuma cha moto kikitiwa maji kinakaza. Shaba inalegea. Kila kitu na tabia yake, mama."

Alilipanua tundu kidogo mpaka likawa duara safi, akachomeka shaba ile kutoka ndani, akalivalisha dele kwenye nondo iliyosimikwa ardhini, akaanza kugonga. Hakugonga kwa nguvu. Nyundo ilikuwa ikidunda tu kama mvua inayoanza, naye analizungusha dele, na ile shaba ikawa inatambaa pembeni, inatanuka, inajilaza. Tereza aliyekuwa analia akanyamaza mgongoni. Hata Boniphace aliacha sindano.

"Bado," alisema Jumanne alipomaliza. "Kachemshe humo uji mwepesi wa muhogo, uuache humo ulale mpaka asubuhi. Unga utaingia pale nyundo isipofika. Na mchanga, mama..."

"Sirudii, baba."

Mzee alipokea malipo yake, samaki wakavu aina ya furu ambao Pelagia alimletea, akawanusa, akatabasamu.

Alhamisi jioni Bi Mwanahalima alishuka kutoka Musoma. Pelagia hakungoja aulizwe. Alipiga magoti pale mlangoni, akaeleza yote: majivu, mchanga, tundu, fundi. Bibi akalichukua dele. Akaingiza mkono, akapapasa kwenye kile kiraka, akapapasa tena. Akaenda kulala.

Alfajiri Pelagia alisikia makaa yanapulizwa. Alitoka na mtoto, akasimama mbali.

"Umesimama kama mgeni," alisema Bi Mwanahalima. "Njoo tuangalie wote. Macho yangu hayaoni chini."

Wakachuchumaa, bibi, mama na mtoto, mashavu karibu na moto, wakilitazama tako la dele. Maji yakaanza kuimba. Yakachemka, povu likapanda shingoni. Chini, makaa yalibaki mekundu, hayakutoa hata mlio wa tone moja.

"Subhanallah," alisema Bi Mwanahalima kwa sauti ndogo. Akamtazama Pelagia. "Mwanangu, lete vikombe."